Wimbo wa Mtu Mwingine



Wimbo wa Malaika ukitajwa mbele ya watu wanaoujua muziki wa Kenya, mazungumzo hugeuka kesi papo hapo. Nani aliutunga? Upande mmoja yuko Fadhili William, mzaliwa wa Taita-Taveta, aliyeurekodi kwanza akiwa na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 60, kisha akaurekodi tena katika studio ya Equator jijini Nairobi. Upande wa pili yuko Adam Salim wa Tanganyika, aliyedai kwamba aliutunga katika miaka ya 40, Fadhili akiwa bado mtoto mdogo. Wapo pia wanaomtaja Lucas Tututu wa Mombasa. Sikuja kuihukumu kesi hiyo. Nimekuja kusema kwamba hata ikiamuliwa vizuri, itakuwa imejibu swali dogo. Ikiwa Salim au Tututu ndiye mkweli, basi santuri tunayoiita asili ni marudio tayari: kijana aliusikia wimbo wa mtu mwingine, akaupenda, akauimba kwa namna yake mbele ya maikrofoni. Na ikiwa haki ni ya Fadhili, bado wengi wanaoujua Malaika ng'ambo hawajawahi kuisikia sauti yake. Vyovyote iwavyo, umaarufu wa wimbo huu ni kazi ya waliourudia. Hoja yangu basi ni kwamba kurudia wimbo ni ubunifu unaojitegemea. Ni uhakiki, ila unafanywa kwa koo na gitaa mahali ambapo wengine hutumia kalamu, na sisi wasomi tumeudharau kwa muda mrefu mno.

Niruhusuni nianzie mbali, kwenye soul ya Wamarekani weusi, kwa kuwa huko ushahidi uko wazi kuliko popote. Mwaka wa 1965 Otis Redding alirekodi Respect, wimbo alioutunga mwenyewe. Ni malalamiko ya mwanamume: anatafuta riziki, analeta pesa nyumbani, na akifika mlangoni anataka kuheshimiwa. Ulikuwa wimbo mzuri, wa haraka, wenye tarumbeta kali, na watu waliupokea. Mwezi Februari 1967 Aretha Franklin akauimba upya kwa kampuni ya Atlantic. Ukiweka maneno ya wawili hao bega kwa bega utaona kwamba hakubadilisha mengi. Aliongeza mahali ambapo jina la wimbo linatajwa herufi moja moja. Aliwaweka dada zake, Erma na Carolyn, wamwitikie kwa nyuma. Pale katikati, ambapo Redding hakuwa ameweka kitu, ikaingia saksafoni ya King Curtis ikipita juu ya mfuatano wa sauti uliochukuliwa kutoka wimbo mwingine kabisa, wa Sam na Dave. Yaani hata kipande kipya kilikuwa cha kuazima! Lakini anayedai heshima sasa ni mwanamke, tena akiwa na wanawake wenzake wanaomuunga mkono. Baada ya kumsikia, rudi kwa Redding usikilize tena: utagundua kwamba mke anayesemeshwa katika wimbo ule wa kwanza hana hata neno moja la kujibu. Kimya hicho kilikuwapo tangu 1965, lakini ilibidi wimbo urudiwe ndipo kikasikika. Redding mwenyewe alielewa kilichomfika, maana kwenye tamasha la Monterey, Juni 1967, alitania jukwaani kwamba kuna binti aliyemnyang'anya wimbo huo.

Huo ndio mtihani ninaoupendekeza kwa marudio yoyote. Usiulize kama yanafanana na ya kwanza, wala kama sauti ni tamu kuliko ya mwenyewe. Uliza kama, baada ya kuyasikia, unaweza kurudi kwenye wimbo wa kwanza ukasikia jambo ambalo hukuwa umelisikia. Tuupeleke mtihani huo kwa Malaika. Katika rekodi ya Fadhili, gitaa la umeme linatembea kwa wepesi, na mwimbaji anasema kwa upole shida ambayo hakuna mtu wa Bonde la Ufa atakayehitaji kufafanuliwa: anapenda, anataka kuoa, hana mali. Ukiwa Molo au Subukia, mali ni ng'ombe na mbuzi, au siku hizi bahasha inayohesabiwa na wazee. Ukiwa Mombasa ni mahari. Ni wimbo wa mchumba maskini, nao haujaribu kuwa zaidi ya hapo. Kisha mwaka wa 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka kwenye santuri yao ya pamoja, ile iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Waliupunguza mwendo, na zaidi ya yote wakaufanya wa watu wawili. Katika rekodi ya Nairobi binti anasemeshwa, anafananishwa na ndege, lakini haonekani. Kwa Makeba na Belafonte yupo, na anaimba. Anayachukua maneno ya mchumba wake na kuyasema kwa kinywa chake mwenyewe, hata shida ya mali ikawa yao wote wawili. Wazo kwamba binti naye anaumia kwa kukosa mahari, na pengine kuliko kijana, limo ndani ya Malaika tangu mwanzo. Fadhili hakulisema, duwo lile likalitoa nje.

Na Makeba alipouimba peke yake, kama alivyofanya kwa miaka mingi katika kumbi za dunia, jambo jingine likatokea. Aretha aligeuza maneno yamfae mwanamke. Makeba hakugeuza. Aliimba maneno ya mwanamume kama yalivyo, bila kujali kwamba sarufi ya hisia haikulingana naye, na hakuna aliyemshangaa. Huyu ni mwanamke ambaye serikali ya makaburu ilikuwa imembatilishia pasipoti mwaka wa 1960, aliyesimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka wa 1963 akaeleza mambo ya Afrika Kusini, na ambaye hakuweza kurudi kwao kwa takriban miaka 30. Kinywani mwake, mtu anayekipenda kitu asichoweza kukipata kwa sababu kuna nguvu iliyosimama katikati anakuwa mtu mwingine kabisa. Najua nitapingwa hapa. Nitaambiwa kwamba ninapachika siasa kwenye wimbo wa mapenzi, na kwamba Makeba aliupenda kwa utamu wake tu. Inawezekana kabisa. Lakini sisemi alikusudia nini; nasema wasikilizaji waliomjua walisikia nini, na wimbo uliwaruhusu. Wimbo ambao maneno yake yangekuwa ya mchumba wa Voi peke yake usingeweza kubeba mzigo huo. Ulioweza kuubeba ulikuwa na nafasi ndani yake, na Makeba ndiye aliyetuonyesha ukubwa wa nafasi hiyo.

Marudio mengine yanafeli mtihani, na nisingependa kuonekana kama mtu anayesifu kila anayefungua mdomo. Boney M waliutoa Malaika kama santuri ndogo mwaka wa 1981, ukiwa umepangwa kwa ustadi wa studio za Ujerumani, ukiwa laini na mtamu, na ukiisha hujajifunza kitu. Angélique Kidjo wa Benin, aliyeuweka kwenye santuri yake ya Logozo mwaka wa 1991, hakuwa msemaji wa Kiswahili zaidi ya wenzake hao, lakini alisikiliza. Kwake sauti imeachwa peke yake kiasi cha kutisha, na ukimsikia unaelewa kwamba wimbo huu una upweke ambao gitaa jepesi la Nairobi lilikuwa likiuficha. Kuna pia mfano wa Helule Helule wa Daudi Kabaka, ambao kikundi cha The Tremeloes kiliurekodi Uingereza mwaka wa 1968 ukafika nafasi ya 14 katika chati za huko. Ni wimbo wa kuchangamka, nao waliuchangamkia. La ziada silioni, ila Kabaka alistahili kujivunia kwamba vijana wa London walicheza mdundo uliopikwa Nairobi.

Pingamizi la kwanza lililo zito linatoka hapa hapa. Mtu atasema: hao wote ni wageni, hawajui Kiswahili, wanatamka vibaya, na wimbo uliokatwa lugha yake umekufa. Nalipokea pingamizi hili nusu. Ni kweli kwamba asiyejua maana ya mali katika wimbo ule ataimba shairi la malaika na ndege, basi. Lakini kama kutojua lugha kungekuwa kifo cha wimbo, Bonde la Ufa lisingekuwa na muziki nusu ya lilionao. Wapo watu kuanzia Naivasha mpaka Eldama Ravine waliolelewa na sauti za Jim Reeves na Kenny Rogers redioni bila kuelewa kila neno, na wimbo wa Kilingala umechezwa Nakuru usiku kucha na watu ambao hawawezi kuomba maji kwa Kilingala. Kusikia vibaya ni mojawapo ya njia ambazo muziki husafiri. Na ushahidi mkubwa kuliko wote niujuao wa jambo hili hautoki New York wala London.

Ukitoka hapa Nakuru kwa barabara ya Salgaa na Mau Summit, ukapita Kericho na Litein, unafika Kapkatet. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka sehemu kubwa ya Afrika akirekodi muziki, aliweka mashine yake huko na kuwarekodi Wakipsigis. Miongoni mwa alichopata ni nyimbo zilizobeba jina la Chemirocha, na ile iliyopata umaarufu, ya tatu, iliimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kikipsigis. Haifiki dakika mbili. Chepkong, zeze la nyuzi linalokumbatiwa kifuani, linarudia kipande kile kile bila haraka. Sauti za wasichana zinashuka pamoja kama zinateremka mlima, na mwisho wa mteremko wanaliita jina: Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, Mmarekani wa Mississippi, mwimbaji wa gitaa anayeitwa baba wa muziki wa kantri, aliyeanza kurekodi mwaka wa 1927 na kufa kwa kifua kikuu mwaka wa 1933. Hakuwahi kukanyaga hapa. Kilichofika ni santuri zake na gramafoni za kuzichezea. Tracey aliandika kwamba wasichana walimwazia mwimbaji huyo kama kiumbe nusu mtu nusu mnyama, na maelezo hayo yameenea kila mahali. Mimi nayapokea kwa tahadhari. Aliyeyaandika alikuwa mgeni wa siku chache, na mabinti wanaoweza kumchezea shere mgeni mwenye mashine wapo katika kila kijiji.

Tuzingatie kinachosikika. Mpinzani makini ataniambia kwamba Chemirocha si marudio hata kidogo: hakuna wimbo wa Rodgers uliorudiwa, ni jina tu. Nakubali, na kwa sababu hiyo hiyo nautaka kwenye hoja yangu. Uko mpakani kabisa, mahali ambapo kurudia kunageuka kujibu. Wasichana hawa hawakuwa na gitaa, hawakuwa na Kiingereza, na hawakuwa na haja ya kumwiga mtu. Walichukua jambo moja waliloliona la ajabu, mwanamume na nyuzi zake, wakalitia ndani ya muziki wao wa nyuzi, zeze likasimama mahali pa gitaa na kundi la wasichana mahali pa mtu mmoja. Sasa weka mtihani. Ukiisha kusikia Chemirocha, nenda kamsikilize Rodgers. Kile kilio chake cha kupandisha na kuvunja sauti, ambacho Wamarekani walikizoea kama pambo la burudani, kinaanza kusikika kama kitu kisicho cha kawaida, kama sauti ambayo haijaamua ni ya kiumbe gani. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya Rodgers. Sijui kimoja kilichoniambia hilo wazi kama wale wasichana wa Kapkatet walioimba bila kujua kwamba wanahakiki.

Hapo linaingia pingamizi la pili, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: pesa. Ni rahisi kusifu kurudia kama ubunifu ukiwa huna wimbo uliorudiwa bila kulipwa. Malaika umeimbwa duniani kote, na Fadhili William alifariki Nairobi mwaka wa 2001 bila utajiri wowote unaolingana na wimbo huo. Wasichana wa Kapkatet waliimba, mashine ikaondoka, na rekodi zikahifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka wa 1954. Ilikuwa miaka ya 2010 ndipo maktaba hiyo, kwa kushirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilipozirudisha kwa jamii zilizoimba. Anayesema kurudia ni uhakiki, je, hawapi wezi kichaka cha kujifichia?

Jibu langu ni kwamba tunachanganya madeni mawili. Tazameni tena Respect. Aretha Franklin aliuchukua wimbo ule kiasi kwamba leo hakuna anayeubishia ni wake, na mtunzi mwenyewe alikiri kwa utani. Hata hivyo kwenye karatasi mtunzi alibaki Otis Redding, na kila redio ya Marekani ilipoupiga, pesa za utunzi zilikwenda upande wake. Aretha, kwa sheria ya huko, hakulipwa chochote na redio hizo, kwa kuwa zinamlipa mtunzi na si mwimbaji. Unaweza kuiona hiyo kuwa dhuluma ya aina nyingine, na mimi naiona hivyo, lakini inathibitisha kwamba ukubwa wa marudio hauhitaji kufuta jina la aliyeanza. Malaika ulidhulumiwa na mikataba na majina yaliyoandikwa vibaya kwenye lebo. Makeba kuuimba vizuri hakukumpunguzia Fadhili senti. Kama karatasi zingekuwa sawa, kila alipouimba angekuwa anamwongezea.

Suala hili tunalo mezani kwetu kila mwisho wa wiki. Ingieni baa yoyote ya Nakuru inayopiga mugithi: mwimbaji mmoja, gitaa moja, kinanda kinachojipigia ngoma, na wateja wameshikana kwa mstari mrefu unaozunguka meza kama gari moshi. Mwimbaji anaanza na Joseph Kamaru, anamuunga na Daniel Kamau bila kupumua, anatia maneno yake mwenyewe kumtania mteja wa meza ya pembeni, mara amefika kwa Kenny Rogers na kila mtu anaimba. Hakuna wimbo unaoanza wala kuisha. Wapo wanaoita kazi hii kukopi na kuona haya kwa niaba ya utamaduni. Mimi nasema mwimbaji huyo aendelee, ila kuna mengi ya kumdai. Wimbo wa Kamaru wa maonyo ukiunganishwa na wimbo wa ulevi katika pumzi moja, mmoja unamhoji mwenzake, na mpiga mugithi hodari anajua anachofanya anapochagua kipi kifuate kipi. Asiye hodari anapanga foleni ya nyimbo tu, na mtihani ule ule unamwangusha. Mwenye baa naye ana wajibu wake: leseni anayodaiwa na vyama vya kukusanya mirabaha si kodi ya usumbufu, ndiyo njia pekee ambayo familia ya mtunzi inapata chochote katika usiku ule. Vyama hivyo vina matatizo yao, na ugomvi wao mahakamani tunaujua sote. Visafishwe; havihalalishi kutolipa.

Sheria yenyewe iko wazi kuliko wanamuziki wengi wanavyodhani. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, utunzi unalindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake kwisha, ilhali rekodi ya sauti inalindwa miaka 50 tu tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Rekodi yoyote iliyofanywa Nairobi mwaka wa 1965, kwa mfano, ilitoka kwenye ulinzi mwisho wa 2015. Wimbo uliomo, ikiwa mtunzi alifariki mwaka wa 2001, utabaki na mwenyewe hadi mwisho wa 2051. Kwa hiyo kijana wa Kaptembwa mwenye kompyuta anaweza kukata kipande cha sauti ya zamani bila kumwomba mwenye studio, lakini kwa maneno na tuni yake bado anahitaji ruhusa. Kwa anayetaka kurudia kwa ubunifu, huo ni mlango mpana ambao wachache wameutumia.

Kigumu ni Kapkatet. Mwaka wa 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, na ikazipa kaunti kazi ya kuweka daftari lake. Inataka usemi uwe umepokezwa kizazi hata kizazi na uwe wa jamii inayojulikana. Mtu akipeleka Chemirocha kwa afisa wa kaunti, afisa atauliza, kwa haki kabisa, inakuwaje wimbo unaomhusu Mmarekani, usioweza kuwa na umri mkubwa kuliko santuri zake, uitwe wa jadi ya Wakipsigis. Mimi ningemwambia auandike. Zeze ni lao, mteremko wa sauti ni wao, na mgeni yule waliyemwimba walimfanya wao siku walipolibadilisha jina lake. Ila itabidi sheria ikubali kwanza kwamba jamii inaweza kumiliki jibu, hata kama swali lilitoka Mississippi, na sioni kifungu kinachosema hivyo.